UZI: Dhahabu za Kimarekani za karne ya 19, na ile sarafu aliyoletewa Sayyid Said

MwanaShangani (mwenye uzi)

Asalaam aleikum wakuu.

Juzi kwenye ule uzi wa rupia za Mjerumani niliropoka kwamba mimi nakusanya sarafu za dhahabu za Marekani za zamani. Watu wakamiminika PM kuniuliza nanunua kwa bei gani. Sinunui, mnisamehe. Mimi ni dereva wa lori huku ughaibuni, mtoto wa Unguja, na hazina yangu yote inaenea kwenye kiganja kimoja na nafasi ya tende mbili inabaki. Ila kwa kuwa mmeuliza, nitamwaga ninachokijua kidogo kidogo, nikipata mapumziko. Naanzia nyumbani kwetu.

Tarehe 21 Septemba 1833, Mmarekani mmoja anaitwa Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan pale Maskati. Roberts hakuwa mgeni kwa Sayyid. Alishafika Unguja miaka michache nyuma kutafuta riziki, mambo yakamwendea kombo, akarudi kwao kuishawishi serikali yake ifunge mkataba. Ndio huo mkataba uliowapa wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa huko Marekani, ushuru wa asilimia 5 tu, na vile vikoi vyenu vikapata mshindani anaitwa marikani, kitambaa cha pamba cha huko kwao.

Sasa mkataba ukisainiwa, lazima urudishwe ukiwa umeidhinishwa, na mtu haendi kwa mfalme mikono mitupu. Novemba 1834 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikakiandikia kiwanda cha sarafu cha Philadelphia: tutengenezeeni seti ya kila aina ya sarafu zetu zinazotumika, dhahabu, fedha na shaba, ziwekwe kwenye kijisanduku kizuri.

Hapo ndipo pakawa na kasheshe. Dola ya fedha na sarafu ya dhahabu ya dola 10 zilikuwa halali kisheria, lakini kumbukumbu za kiwanda zilisema mara ya mwisho zilitengenezwa 1804. Mafundi wakakuna vichwa, wakachonga mihuri mipya ya kupigia sarafu, na mwaka wakaweka huohuo 1804. Yaani sarafu imezaliwa miaka 30 baadaye ikapewa cheti cha kuzaliwa cha dada yake mkubwa.

Ile ya dola 10 Wamarekani huiita tai. Tai wa kweli wa 1804 na tai wa zawadi mnawatofautisha kwa tarakimu 4. Ya zamani ina kikonyo kidogo kwenye ncha ya mstari wake wa kulala. Ya zawadi haina, ni nne kavu.

Kijisanduku kilikabidhiwa Maskati tarehe 1 Oktoba 1835. Kingine kikaenda kwa mfalme wa Siam mwaka uliofuata. Viwili zaidi vilikusudiwa Vietnam na Japani, lakini Roberts akafia Macau Juni 1836 na havikukabidhiwa.

Cha Siam kilibaki karibu kizima, na 2005 kiliuzwa dola milioni 8.5. Cha Sayyid Said kilisambaratika. Dola ya fedha inayoaminika kutoka humo ilikuja kuonekana Uingereza, ikauzwa milioni 4.14 mwaka 1999, na Agosti 2021 ikauzwa tena milioni 7.68. Tai wa dhahabu wa aina hiyo, wanaojulikana leo wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mmoja wao aliuzwa Januari 2021 kwa milioni 5.28.

Nakuja.

---

Kiberenge

Dola milioni 5 kwa sarafu ya dola 10? Mkuu hii chai, tena ya maziwa.

---

Mtani wa Tabora

Nimeweka kigoda. Mkuu shusha madini, safari hii madini kweli.

---

BuSaidiyaMaskati

Wa aleikum salaam. Mimi niko Maskati, wazee wangu walirudi huku kutoka Unguja. Kijisanduku sikijui, ila safari iliyokileta tunaijua. Meli yao, Peacock, ilipita Unguja kwanza, Septemba 1835. Sayyid mwenyewe wakati huo alikuwa huku. Walipokuwa wanapanda kuja, wakakwama kwenye miamba karibu na kisiwa cha Masira. Wakatupa mizinga baharini ili meli iwe nyepesi, na Roberts akaja Maskati kwa mashua ndogo kuomba msaada. Kwa hiyo mwanangu, hiyo dhahabu ilibakia kidogo tu iwe ya samaki.

Na tafadhali, Wamarekani ndio walioandika "Sultani wa Maskati". Yeye alikuwa Sayyid.

---

MwanaShangani

Ahsante sana bibie, nimerekebishwa. Hiyo ya Masira ndiyo inayonifanya nikitazama picha ya ile sarafu nisikie harufu ya chumvi.

@Kiberenge, si chai. Ngoja nikueleze adimu inatoka wapi, maana wengi mnafikiri sarafu huwa ghali kwa sababu ni kongwe. Hapana. Mimi nina sarafu ya shaba ya Kirumi yenye miaka 1,700, niliinunua kwa bei ya chipsi kuku. Sarafu ya dhahabu haiuliwi na uzee. Inauliwa na chungu cha kuyeyushia.

Sheria ya Marekani ya 1792 ilisema uzito mmoja wa dhahabu ni sawa na uzito 15 wa fedha. Kule Ufaransa ilikuwa 15 na nusu. Nusu hiyo unaiona ndogo? Mpe mvunja fedha wa Forodhani uone atafanya nini. Unachukua kilo 15 za fedha, unazibadilisha Marekani unapewa kilo 1 ya dhahabu, unaipakia melini kwenda Paris, kule unapewa kilo 15 na nusu za fedha. Toa nauli na bima, kinachobaki chako. Rudia.

Kwa hiyo kuanzia 1795 Philadelphia walipoanza kupiga dhahabu, walikuwa wanajaza ndoo iliyotoboka. Sarafu zilitoka kiwandani zikiwa zinang'aa, zikaingia kwenye magunia, zikavuka bahari, zikayeyushwa. Mmarekani wa kawaida wa miaka ya 1820 angeweza kuishi na kufa bila kugusa hata moja. Alikuwa anatumia fedha za Kihispania kutoka Meksiko, kama sisi tulivyokuwa tunatumia riale za Maria Theresa.

Kisha Juni 1834 Bunge likapunguza dhahabu ndani ya sarafu. Ile ya dola 5 ya zamani ilikuwa na gramu 8.02 za dhahabu safi, mpya ikawa na gramu 7.52. Piga hesabu: ya zamani ikawa na thamani ya kama dola 5 na senti 33 za pesa mpya. Nani ataitumia kununulia unga? Hata zile chache zilizokuwa zimefichwa chini ya godoro zikatoka zikapelekwa kuyeyushwa.

Matokeo yake ni kama dola 5 ya 1822. Vitabu vya kiwanda vinasema mwaka huo zilitengenezwa 17,796. Leo zinajulikana 3. Tatu, Kiberenge. Mbili ziko makumbusho ya Smithsonian, haziuzwi. Ya tatu iliuzwa dola 687,500 mwaka 1982, na Machi 2021 ikaenda kwa milioni 8.4. Ukiwa na pesa zote za dunia na unaitaka, unamsubiri mtu mmoja tu aamue kuuza.

---

Kiberenge

Sawa mkuu nimekunywa chai yangu mwenyewe. Endelea.

---

Sonara wa Kariakoo

Mimi ni sonara, kazi ya baba na babu. Nikisoma hapa nasikia tumbo linaniuma. Zamani zikiletwa pauni za dhahabu za Malkia tulikuwa tunatazama karati, tunapima, tunalipa, chunguni. Nani alikuwa anasoma mwaka? Mteja mwenyewe anataka bangili ya harusi, harusi ni Jumamosi.

---

MwanaShangani

Fundi usijilaumu, hata serikali yao ilifanya hivyo hivyo. Tarehe 5 Aprili 1933 Rais Franklin Roosevelt alitoa amri watu wapeleke dhahabu zao benki walipwe dola 20.67 kwa wakia. Mtu aliruhusiwa kubaki na sarafu za dhahabu za dola 100 tu. Ukikaidi, faini hadi dola 10,000 au miaka 10 ndani. Januari 1934, watu wakiwa wameshapeleka, bei ikapandishwa hadi dola 35. Walionuna walikuwa na haki ya kununa. Mamilioni ya sarafu yakageuzwa matofali.

Lakini amri ilikuwa na kijidirisha. Sarafu adimu zenye thamani maalumu kwa wakusanyaji ziliachwa. Kijidirisha hicho ndicho kilichookoa nyingi ninazozizungumzia. Zingine ziliokolewa na benki za Ulaya, hasa Uswisi na Ufaransa, ambazo zilikuwa zimelimbikiza dola 20 kwa magunia na hazikuwa na habari na amri ya Roosevelt. Ndiyo maana mpaka leo ukinunua dola 20 ya miaka ya 1890 huenda ilikaa Zurich kwa nusu karne, ina mikwaruzo ya kugongana na wenzake gunini. Raia wa Marekani waliruhusiwa tena kumiliki dhahabu kwa uhuru mwisho wa 1974.

---

MwanaShangani

Leo niko kituo cha mapumziko, mvua kubwa, barabara imefungwa. Tuendelee na ninachokipenda mimi, zile sarafu za kusini.

Mwaka 1799 huko North Carolina mtoto wa miaka 12, Conrad Reed, alikuwa anacheza kwenye kijito Jumapili akaokota jiwe la njano. Lilikuwa na ratili 17. Nyumbani hawakujua ni nini, wakalifanya la kuzuilia mlango usifunge. Likakaa mlangoni miaka mitatu. Baba yake akalipeleka kwa sonara, akaulizwa anataka kiasi gani, akataja dola 3 na nusu, akapewa papo hapo. Thamani yake halisi ilikuwa ya maelfu. (Fundi wa Kariakoo, sikutazami wewe.)

Dhahabu ikawa nyingi huko milimani, Georgia nako ikaonekana 1829, na kuipeleka mpaka Philadelphia kwa njia za wakati ule ni kuitafutia majambazi. Bunge likaamua 1835 vijengwe viwanda vitatu kusini: New Orleans, Charlotte na Dahlonega. Vikaanza kazi 1838. Dahlonega ni neno la Wacherokee linalohusu rangi ya njano. Na wenye neno hilo ndio walioondolewa kwenye ardhi yao mwaka huohuo 1838, wakatembezwa kwa miguu kwenda magharibi, maelfu wakafa njiani. Nina robo moja ya Dahlonega, yaani dola 2 na nusu. Ni sarafu ninayoipenda kuliko zote na ndiyo pekee isiyonifurahisha kuishika.

Charlotte walikuwa wanatia herufi C, Dahlonega D, New Orleans O. Philadelphia wakati ule hawakutia kitu. Herufi hiyo ndogo kama punje ya ufuta ndiyo inayofanya sarafu mbili za mwaka mmoja, uzito mmoja, sura moja, moja iuzwe kwa bei ya dhahabu yake na nyingine kwa bei ya pikipiki.

Charlotte na Dahlonega walikuwa wanapiga dhahabu tu, na walikuwa wanapiga vibaya, Mungu awasamehe. Mihuri imechakaa, herufi zimefifia, pembeni kama imetafunwa. Mgeni akiiona anasema imelika. Kumbe ilizaliwa hivyo. Ukizoea, unaanza kuupenda huo ubovu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuja 1861 Waasi wa Kusini waliviteka viwanda vyote vitatu. Dahlonega walikuta dhahabu kidogo na mihuri ya dola 1 ya mwaka huo, wakapiga. Ngapi? Hawakuandika. Kwa hiyo dola 1 ya 1861 yenye herufi D ni sarafu yenye jina la Marekani iliyopigwa na watu waliokuwa wanapigana na Marekani. Ina milimita 15, inapotea kwenye mfuko wa shati, na watu wanauza magari kuipata.

---

Mkorofi wa Mvita

Boss hii story ni moto. Lakini si dhahabu ya Wamarekani ilikuwa California?

---

MwanaShangani

Hiyo ndiyo kila mtu anaijua, na ilikuja baadaye. James Marshall aliiona tarehe 24 Januari 1848 kwenye mfereji wa kiwanda cha mbao. Gavana wa kijeshi, Kanali Mason, akatuma shehena ndogo Washington kama ushahidi kwamba si porojo. Wakaipiga sarafu 1,389 za dola 2 na nusu, na juu ya tai wakagonga herufi CAL. Wengi huita ile ndiyo sarafu ya kwanza ya ukumbusho ya Marekani. Mimi naiona kama risiti.

Dhahabu ikawa nyingi mno hata sarafu zilizokuwepo hazikutosha, 1849 ikaruhusiwa dola 1 na dola 20. Dola 20 ni mzigo: gramu 33.4, dhahabu yake asilimia 90 na iliyobaki shaba, kipenyo milimita 34. Dola 1 ya mwanzo ilikuwa milimita 13. Ukipiga chafya imekwenda.

Kiwanda cha San Francisco kikafunguliwa 1854, herufi S. Mwaka huo wa kwanza walikuwa na shida za vifaa, na dola 5 wakapiga 268 tu. Zilijulikana tatu. Moja Smithsonian, moja mkononi mwa mkusanyaji, na moja iliibwa kwa mtutu wa bunduki huko Florida mwaka 1967 na haijaonekana mpaka leo. Kisha 2018 mtu mmoja wa majimbo ya kaskazini mashariki, aliyekuwa ameambiwa na wajuzi kwamba yake ni feki, akaituma kupimwa mara ya mwisho. Ya kweli. Ya nne. Ikauzwa dola milioni 2.16.

---

Mtani wa Tabora

Hapo kwenye "wajuzi wakamwambia feki" ndipo ninapowapenda wajuzi.

Na mimi niongezee ya kwetu. 1916 Mjerumani akiwa amebanwa kwenye vita alipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 hapa Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina tembo mbele ya milima. Hiyo nayo wazungu wanaililia.

---

Dalali Mkuu 2000

NINAYO HIYO YA TEMBO NA NYINGINE INAVUTA MCHELE. NJOO PM MWENYE PESA TU. HAKUNA MADALALI.

---

Kiberenge

Wewe si dalali mwenyewe jina lako? Mods jamani.

---

MwanaShangani

Hiyo sarafu ya Tabora nimeiona mara moja kwenye mnada, sikuthubutu hata kunyoosha mkono, nikidhani nitakuna kichwa dalali ahesabu nimepanda bei.

Tumalizie suala la adimu kwa upande wake wa pili, kwa sababu adimu inaweza kuvunjika. Septemba 1857 meli ya Central America ilikuwa inatoka Panama kwenda New York imebeba dhahabu ya California. Kimbunga kikaizamisha tarehe 12 karibu na pwani ya Carolina, watu 425 wakafa, na upungufu wa dhahabu hiyo ukachangia benki za New York kuyumba mwaka ule. Kabla ya kupatikana kwake, dola 20 ya 1857 yenye S iliyo mpya kabisa ilikuwa kitu cha kutafuta kwa tochi. 1988 mabaki yakaonekana kilindini. Wakatoa zaidi ya 5,000 za mwaka huohuo, mpya, kama zimetoka kiwandani asubuhi, maana dhahabu haili kutu. Waliokuwa wamenunua za zamani kwa bei ya uadimu, wakashika tama.

Na 2013 huko kaskazini ya California mume na mke walikuwa wanatembea na mbwa wao kwenye shamba lao wakaona kopo lenye kutu limechungulia ardhini. Wakachimba, kopo la pili, la tatu. Sarafu 1,427, karibu zote za dola 20, za kuanzia 1847 mpaka 1894. Thamani ikakadiriwa milioni 10. Nani alizifukia hajajulikana. Mimi nina shamba la bibi huko Bumbwini, nimeshachimba, nimepata mihogo.

---

Sonara wa Kariakoo

Swali la kitaalamu. Feki unaijuaje? Mimi hapa nina jiwe na tindikali, nikisugua nakwambia karati bila kukosea.

---

MwanaShangani

Fundi, kwanza ukiisugua tu kwenye jiwe umeshaiua. Mkwaruzo mmoja unaweza kuondoa nusu ya thamani.

Pili, tindikali yako itasema kweli na bado utapigwa. Kuna feki za dola 5, 10 na 20 zilizotengenezwa Lebanoni katikati ya karne ya 20 kwa dhahabu halisi, asilimia 90 ileile, uzito uleule. Faida yao ilikuwa kwenye nyongeza ambayo watu walilipia sarafu kuliko dhahabu tupu. Hizo unazikamata kwa macho: vinundu vidogo kwenye sehemu tupu ya sarafu, nywele za yule mwanamke aliyechorwa upande wa mbele zimeyeyukayeyuka kama sabuni, meno ya ukingoni hayalingani. Na kuna sarafu ya kweli kabisa ya Philadelphia iliyobandikwa kijiherufi C ili ipande bei. Hapo dhahabu ni ya kweli, sarafu ni ya kweli, uongo ni punje moja ya ufuta.

Karne ya 19 matapeli walikuwa wanaikata dola 20 katikati, wanakomba dhahabu ya ndani, wanajaza platinamu na kuifunga tena. Platinamu wakati ule ilikuwa rahisi kuliko dhahabu!

Kwa hiyo siku hizi wengi hatununui sarafu ya bei kubwa ikiwa tupu. Kuna kampuni za kupima, PCGS tangu 1986 na NGC tangu 1987. Wanaikagua, wanaipa daraja kati ya 1 na 70, wanaifungia kwenye kasha la plastiki lenye namba. Kasha nalo hughushiwa, kwa hiyo namba unaihakiki kwenye tovuti yao na unalinganisha picha.

Yangu mimi nilijifunza kwa maumivu. Mwaka wangu wa pili nilinunua dola 5 ya Charlotte ya 1847 kwenye maonyesho, kwa muuzaji mmoja mwenye maneno matamu. Iling'aa kama jino la dhahabu la mzee wa Kipemba. Nililipa mshahara wa wiki tatu na mke wangu hajui mpaka leo, na simtaji hapa kwa sababu shemeji zangu wanasoma hili jukwaa. Nikaituma kupimwa. Ikarudi bila daraja: ni ya kweli, lakini imesuguliwa. Mtu aliichukua akaifuta kwa dawa ya kung'arisha, ile ngozi ya juu ambayo ilikaa miaka 170 ikaondoka kwa dakika moja. Ule mng'ao nilioununua ulikuwa kidonda.

Dhahabu isiyoguswa ina rangi ya asali iliyokaa, wekundu kidogo pembezoni, na ukiizungusha chini ya taa mwanga unakimbia kama mkono wa saa. Iliyosuguliwa inang'aa kila upande kwa wakati mmoja. Tofauti hiyo sikuielewa kwa kusoma, niliielewa nilipoziweka mbili sambamba.

---

Mkorofi wa Mvita

Mwenye kuanza leo, aanze wapi? Usiseme milioni 5.

---

MwanaShangani

Anza na dola 20 ya San Francisco ya miaka ya 1890, kama lengo lako ni kulala usingizi. Zipo nyingi, bei yake inaifuata dhahabu, ukikwama unaiuza siku hiyohiyo. Ukitaka historia kwa pesa ndogo, dola 1 ya Philadelphia ya miaka ya 1850. Dhahabu yake ni gramu moja na nusu tu, kwa hiyo hata dhahabu ikipanda namna gani hutauza gari. Charlotte na Dahlonega ziache mpaka umeshashika na kurudisha mezani angalau hamsini. Na usinunue mnadani kabla hujajua kwamba juu ya bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho dalali anapogonga, kuna asilimia ya wenye mnada, mara nyingi 20 na kitu. Wengi hulia pale, si kwenye feki.

---

BintiMalindi

Samahani nimechelewa kwenye uzi, shikamooni wakubwa. Bibi yangu ana mkufu wa zamani aliopewa na mama yake, una sarafu ya dhahabu katikati. Upande mmoja kichwa cha mwanamke, kwenye taji yake imeandikwa LIBERTY, nyota zimemzunguka, chini 1881. Nyuma kuna tai. Nimetetemeka kusoma hapa. Je, na sisi ni mamilionea?

---

MwanaShangani

Marahaba mwanangu. Usiipeleke popote, usiisugue kwa dawa ya meno wala majivu, na usimwambie fundi aitoe kwenye mkufu. Pima upana kwa rula. Chini ya tai, kuna herufi yoyote? Na nyuma imeandikwaje thamani?

---

BintiMalindi

Upana ni kama milimita 21 na nusu. Imeandikwa FIVE D. Herufi nimetafuta kwa tochi ya simu, haipo. Juu imelehemiwa kile kipete cha kupitishia mkufu. Nimeipima na kipete chake kwa muuza dhahabu hapa, gramu 8.9.

---

MwanaShangani

Vipimo vinakubali. Dola 5 kamili ni milimita 21.6 na gramu 8.36, iliyobaki ni kipete. Kwa picha na kwa mkono ndiyo nitahakikisha, maana masonara wa zamani walizinakili sana kwa mikufu. Tukichukulia ni ya kweli, haina herufi, basi ni ya Philadelphia, na 1881 Philadelphia walizipiga zaidi ya milioni 5.7. Ni miongoni mwa dola 5 zinazopatikana kwa urahisi kuliko zote. Na lehemu imeshamaliza habari ya daraja. Mkusanyaji atakulipa dhahabu yake, basi.

---

Sonara wa Kariakoo

Binti, kipete kama ni cha zamani kimelehemiwa kwa mkono, piga picha ya karibu utuwekee. Mimi sarafu siijui, lakini lehemu ya fundi wa Lamu na ya fundi wa Kihindi wa Mombasa nazitofautisha.

---

BintiMalindi

Nimemwambia bibi kwamba si adimu, zipo milioni 5. Kacheka. Kasema yake iko moja tu na inajulikana ilipo. Picha kakataa, kasema anayetaka kuiona aje Malindi, na asije bila halua.

---

Kiberenge

Halua ya Tanga inakubalika au mpaka ya Unguja?